"Tulikuwaga": mlango wa Kihispania kwa mtu wa Muleba

Wanachuo wenzangu, siku hizi wengi tunajifunza Kihispania kwenye simu, wengine kwa ajili ya utalii, wengine kwa mapenzi ya mpira tu. Watu hukwama kwenye wakati uliopita, maana Kihispania kinatofautisha mambo mawili. *Hablé* ni niliongea, nikamaliza. *Hablaba* ni nilikuwa naongea, au ilikuwa kawaida yangu kuongea. Leo tuangalie huu wa pili, na sisi wa Kagera tusiuogope.

Kanuni ni fupi. Kitenzi kikiishia na -ar, toa hiyo -ar, weka -aba. Kwa mpangilio wa mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao: *hablaba, hablabas, hablaba, hablábamos, hablabais, hablaban*. Kikiishia na -er au -ir, weka -ía. *Comer*, yaani kula, kinakuwa: *comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían*. *Vivir*, kuishi, kinafuata njia hiyohiyo. Vinavyokataa kanuni ni vitatu tu: *ser, ir* na *ver*. Hivyo vikariri.

Utautumia lini? Kwanza kwa mazoea ya zamani: *De niña vivía en Muleba*, nilipokuwa mtoto nilikuwa naishi Muleba. Pili, kwa jambo lililokuwa likiendelea, lingine likaingia: *Comíamos cuando llegó el profesor*, tulikuwa tunakula mwalimu akafika. Kula kulikuwa kunaendelea. Kufika ni tukio la mara moja, ndiyo maana vitenzi havifanani.

Sasa sikiliza watu pale stendi ya Bukoba: "Zamani tulikuwaga tunapanda meli kwenda Mwanza." Hiyo -ga si kelele. Kihaya kinayo: *twalimaga*, tulikuwa tukilima, ndiyo ilikuwa kazi yetu ya kila siku. Mtu haongelei safari moja ya meli wala siku moja shambani. Anaongelea mazoea, na hiyo ndiyo kazi ya -aba na -ía.

Shule ya msingi niliyosoma, ukisema "tulikuwaga" darasa zima linacheka, mwalimu anakata kwa kalamu nyekundu, basi. Sipingi usanifu. Kwenye mtihani mtoto aandike "tulikuwa tukipanda", na lazima tumfundishe hivyo. Ila kumcheka ni kumwambia kwamba lugha ya nyumbani kwake haina akili, wakati imembebea kanuni ambayo mtu mwingine anahangaika nayo muhula mzima. Sisi wa ualimu tunafundishwa kuanza na kinachojulikana ndipo twende kisichojulikana. Kwa mtoto wa Muleba, kinachojulikana ni -ga.

Jaribu hivi wiki hii: mpigie bibi simu, mwombe akusimulie maisha ya zamani. Andika kila sentensi yenye -ga, kisha ihamishie kwenye -aba au -ía. Utapata zoezi la Kihispania, na bibi atafurahi umempigia.