Seva Ikipiga Mbiu

Hadithi, hadithi! Najua mnavyojibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo uongo tuuache mlangoni. Utamu na uje, tena uje mwingi, ila nitakayowasimulia yametokea kweli, na mengine yanatokea sasa hivi mnaposoma.

Shujaa wetu ni kompyuta isiyo na kioo wala kicharazio. Imepachikwa kwenye rafu ya chuma, ndani ya jumba lenye baridi ya mashine, pamoja na maelfu ya wenzake, taa zao ndogo zikikonyeza. Hiyo ndiyo seva. Ukitafuta matokeo ya mtihani kwenye simu, au ukimtumia bibi hela, simu yako inauliza na seva mahali fulani inajibu. Siku hizi kampuni nyingi hazinunui seva, zinazikodi kutoka kwa wenye majumba hayo, zikilipia muda zinaotumia. Mtindo huo wa kukodi ndio watu wanaouita wingu, ingawa hakuna kitu kinachoelea angani. Wala msidhani ni mambo ya ng'ambo tupu: Amazon ilipoanza kukodisha seva zake mwaka 2006, huduma hiyo ilikuwa imejengwa kwa sehemu kubwa na wahandisi waliokaa Cape Town, Afrika Kusini.

Seva moja haisumbui kuitunza. Tuseme sasa unazo 200. Zote zinatakiwa ziwe na programu zilezile, mipangilio ileile, saa inayosema ukweli, na milango ya mtandao iliyofungwa panapotakiwa kufungwa. Mhandisi akizipitia moja moja kwa mkono, ya kwanza ataitendea haki. Akifika ya 120 anapiga miayo, anaruka mstari mmoja, na hakuna anayejua.

Mark Burgess, akiwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, aliichoka kazi hiyo mapema kuliko wengi. Mwaka 1993 akaandika CFEngine, programu ya kuzitunza kompyuta nyingi bila kuzigusa moja moja. Wazo lake lilikuwa hili: usiiambie kompyuta hatua za kufuata, iambie inavyotakiwa kuwa, halafu ijikague yenyewe na kujirekebisha. Wengine wakapita njia hiyohiyo. Luke Kanies alileta Puppet mwaka 2005, na mwaka 2009 Adam Jacob na wenzake wa Seattle, Marekani, wakatoa Chef, yaani mpishi. Mimi nitakaa na Chef, kwa sababu walioitengeneza walikuwa na ucheshi: maagizo waliyaita mapishi, wakayakusanya katika vitabu vya mapishi, na kifaa anachokitumia mhandisi kuyapeleka wakakiita kisu.

Tuichungulie kazini. Ni saa nane na nusu usiku, na seva tunayoitazama tuiite duka-07. Chef inaamka, kama inavyoamka kwa kawaida kila baada ya dakika 30. Kwanza inaikagua seva yenyewe: una kumbukumbu kiasi gani, diski yako imebaki na nafasi gani, anwani yako ya mtandao ni ipi? Kisha inachukua mapishi yake kutoka seva kuu inayoyahifadhi na kuanza kuyasoma mstari kwa mstari. Programu ya kuonyesha kurasa za duka iwepo. Ipo, inapita. Saa ya seva iwe sahihi. Ni sahihi, inapita. Faili la mipangilio liwe na maneno haya. Hapo inasimama. Jana mchana mtu aliingia kwa mkono, akabadilisha mstari mmoja ili ajaribu kitu, akasahau kuurudisha. Chef inalinganisha, inaona tofauti, inaliandika faili upya, inaiwasha tena programu inayolitumia, na kusonga mbele. Imemaliza ndani ya sekunde 41.

Saa tisa kamili inarudi. Mara hii kila kitu kiko mahali pake, basi haigusi chochote. Mapishi yaliyoandikwa vizuri unaweza kuyarudia mara elfu na sahani ikabaki ileile. Hakuna chumvi inayozidi. Binafsi naona huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika kazi hii, na ndio unaomwezesha mhandisi kulala.

Lakini amelala! Nani amwambie kwamba duka-07 imerekebishwa usiku? Na siku Chef ikikwama katikati, diski imejaa na faili haliandikiki, nani atajua kabla wateja hawajaanza kulalamika?

Ndiyo maana kila mzunguko wa Chef huwekewa kijiprogramu cha kutoa taarifa. Kwenye Chef viko vya aina tatu: kimoja huitwa mzunguko unapoanza, kingine unapomalizika salama, na cha tatu unapovunjika. Hivi viwili vya mwisho vinapewa habari zote za mzunguko: jina la seva, muda uliotumika, vitu vilivyobadilishwa, na kama mambo yameharibika, kosa lenyewe na mahali lilipotokea. Kazi yao ni kuzifunga habari hizo na kuzirusha nje.

Kuzirusha wapi? Hapo ndipo wingu linaporudi hadithini. Seva ingeweza kumwandikia mhandisi barua pepe moja kwa moja, lakini mhandisi huyo akihama kazi itabidi ubadilishe anwani kwenye seva zote 200. Mwaka 2010 Amazon ilifungua huduma inayoitwa SNS, na hesabu yake ni nyepesi. Unaunda mada, tuseme "habari za mapishi". Seva inajua mada hiyo tu. Inatupa ujumbe pale na kurudi kwenye shughuli zake. Wanaotaka kuusikia wanajiandikisha upande wa pili: mmoja kwa barua pepe, mwingine kwa meseji ya simu, na hata programu nyingine inaweza kujiandikisha, ikipokea ujumbe ikachukua hatua bila mtu. Anayejiandikisha kwa barua pepe hutumiwa kwanza kiungo cha kuthibitisha, asije mtu akaandikishwa mambo asiyoyataka. Mhandisi akiondoka anafutwa kwenye orodha, na seva haina habari kama kuna aliyekuja wala aliyekwenda.

Ujumbe wenyewe una kichwa kifupi, kisichozidi herufi 100, na mwili usiozidi kilobaiti 256, nafasi ya kumeza kitabu chembamba. Msiudharau ufupi wa kichwa. Mtu anayeamshwa saa tisa usiku, jicho moja likiwa bado limefumba, husoma kichwa peke yake. "Taarifa ya mfumo" haimwambii kitu. "duka-07: mapishi yameshindwa, diski imejaa" inamwinua kitandani akiwa tayari anajua aendako.

Mwilini kuna hatari nyingine. Kosa likitokea, kijiprogramu hupenda kubandika kila kilichokuwa mezani, na mara nyingine kilichokuwa mezani ni nenosiri la hifadhidata. Ujumbe huo ukishafika kwenye simu kumi hauitwi tena siri. Wahandisi waangalifu huchuja kabla ya kutuma. Tena huipa seva ruhusa moja tu juu ya mada ile, ruhusa ya kutuma. Haiwezi kusoma orodha ya waliojiandikisha wala kuibadilisha, hivyo mwizi akiivamia hapati majina ya watu.

Sasa tupige hesabu. Seva 200, kila moja ikiamka mara 48 kwa siku. Ukiziagiza zitoe taarifa kila zinapomaliza, utapokea ujumbe 9,600 kwa siku, na karibu wote utasema "salama". Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe ilipopulizwa mjini, watu waliacha jembe na sufuria wakatoka, kwa kuwa haikupulizwa ovyo. Mpulizaji angeipuliza kila nusu saa kutangaza kwamba hakuna neno, wiki ya pili mji ungejifunza kuendelea kupika. Na siku ya moto je?

Siku ya moto nawapa, maana imeandikwa na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa. Knight Capital ilikuwa kampuni ya Jersey City, New Jersey, iliyonunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Mwishoni mwa Julai 2012 ilikuwa ikiweka programu mpya kwenye seva zake nane. Haikuwa Chef iliyofanya kazi hiyo, walikuwa watu. Fundi akaiweka kwenye seva saba, ya nane akaiacha bila kujua. Hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mwenzake akague. Ile ya nane ikabaki na programu ya zamani, ambayo ndani yake mlikuwa na sehemu iliyoachwa kutumika tangu 2003, haijafutwa, imelala tu.

Asubuhi ya Agosti 1, kuanzia kama saa mbili na dakika moja, mfumo wa kampuni ukaanza kutuma barua pepe zenye kutaja kosa na jina la ile sehemu iliyolala. Moja, mbili, kumi. Soko lilikuwa linafunguliwa saa tatu na nusu. Kabla ya saa hiyo barua 97 zilikuwa zimeshaingia kwenye masanduku ya wafanyakazi kadhaa.

Hakuna aliyezishughulikia. Msiharakishe kuwaita wavivu. Barua za namna ile hazikuwa zimetengenezwa ziwe za kutoa tahadhari, na kwa kawaida hazikusomwa zilipoingia. Soko likafunguliwa. Seva ya nane ikaiamsha sehemu ya zamani, ikaanza kununua na kuuza bila kujua pa kukomea. Wahandisi walipohangaika kutafuta chanzo, waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima, na tatizo likazidi. Kwa dakika kama 45 kampuni ilifanya miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154, na hasara ikapita dola milioni 460. Mwaka uliofuata ilitozwa faini ya dola milioni 12, na wakati huo Knight ilikuwa imekwisha kuunganishwa na kampuni nyingine.

Ndiyo maana mafundi wengi huagiza seva inyamaze ikiwa salama, iseme ikishindwa. Wengine huongeza: iseme pia ikirekebisha kitu ilhali mapishi hayajabadilishwa, maana hapo huenda kuna mtu anayechezea mipangilio kwa mkono. Mimi nakubaliana na hao wa pili.

Ila kimya nacho kina ujanja wake. Seva iliyozimika haipigi mbiu. Na kuna mtego mdogo zaidi, ambao huwanasa hata wazoefu: kile kijiprogramu cha kutoa taarifa mara nyingi husafiri ndani ya vitabu vilevile vya mapishi. Mapishi yakishindwa kupakuliwa, mtoa taarifa naye hakufika, basi kosa kubwa kuliko yote linapita bila neno. Dawa yake ni kumweka mapema, kwenye faili la mipangilio ambalo Chef hulisoma inapoamka kabla haijagusa mapishi. Na kwa zilizokufa kabisa, panahitajika mlinzi aliye nje, anayehesabu: duka-07 ilionekana lini mara ya mwisho? Saa mbili zilizopita? Basi mlinzi ndiye anayepiga kelele kwa niaba yake.

Mlinzi huyo lazima awe nje kwelikweli. Februari 28, 2017, mfanyakazi wa Amazon aliyekuwa akitafuta tatizo dogo kwenye huduma ya kuhifadhi mafaili iitwayo S3 aliandika amri ya kuondoa seva chache. Sehemu moja ya amri hiyo ilikosewa, zikaondoka seva nyingi kuliko alizokusudia. Ilikuwa saa tatu na dakika 37 asubuhi kwa saa za Seattle, huku Nairobi na Dar es Salaam watu wakiwa kwenye chakula cha usiku. Tovuti nyingi za dunia zilizohifadhi picha na mafaili yao pale zikaduwaa.

Watu wakakimbilia ubao wa Amazon wa mtandaoni, ule unaoonyesha huduma ipi ni nzima na ipi ni gonjwa. Wenye ubao walishindwa kubadilisha hali za huduma. Mtambo wa kuuandikia ubao huo nao ulitegemea S3! Kwa muda wa saa mbili, Amazon ikawa inatoa habari kupitia Twitter na kwa maandishi mafupi waliyoweza kuyapachika juu ya ubao. Baadaye iliueleza umma kilichotokea, na kusema kwamba mtambo wa kuuandikia ubao umehamishwa uwe unaendeshwa kutoka kanda kadhaa kwa pamoja, si moja tena.