Usiniulize Yupi Mkali

Haipiti wiki kabla swali hili halijanifikia kliniki. Mteja amehamia Syokimau au Ruaka, ana watoto wawili na kiua kinachotosha gari moja. Ameona picha za mbwa aina ya Beagle na Dachshund kwenye simu, amewapenda wote, na sasa anataka nimwamulie: "Daktari, kati ya hawa wawili mkali ni yupi?" Haulizi wanaugua nini, wala nani atawatembeza. Mkali ni yupi!

Mkali ni yule mfupi mnayemcheka kwa kufanana na soseji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwahoji wenye mbwa, na matokeo yao ya 2008 yakaonyesha kwamba karibu Dachshund mmoja kati ya watano alikuwa amemng'ata mgeni au kujaribu. Wajerumani walimzalisha aingie shimoni gizani akapambane na mnyama wa ukoo mmoja na nyegere. Anayemjua nyegere hahitaji maelezo zaidi. Beagle ni mbwa wa kundi, wa kukimbiza sungura huko Uingereza. Mwizi akiruka ukuta, Beagle atabweka weee, kisha amnuse mifuko kama ana biskuti. Wamarekani wamemtumia viwanja vya ndege tangu 1984 kunusa vyakula vilivyofichwa kwenye mizigo, na walimpendea pia kwamba abiria hawamwogopi.

Nikishasema hayo, ndipo balaa linapoanza. "Basi tutamchukua Beagle, tumfanye mkali." Kwa dawa gani? Ile ile: mfungie bandani tangu udogoni asione mtu mchana, na chakula chake ukitie pilipili.

Majuzi nililetewa Beagle wa miezi mitano ndani ya katoni ya maziwa. Jirani alikuwa amemshauri mwenye mbwa ampake pilipili puani, eti inaamsha hasira. Macho yamevimba, ngozi ya pua imebabuka, anajipangusa uso kwa miguu ya mbele bila kukoma. Nilipomgusa alijikojolea. "Ameanza kuwa mkali, anatoa meno," bwana yule akaniambia, tena kwa fahari. Mbwa ambaye thamani yake yote iko puani, ameunguzwa pua!

Pilipili huwasha mdomo na tumbo, basi. Mbwa hutapika, huharisha, na ukimshika tumbo linapomuuma atakurukia, kama wewe unavyomfokea anayekubonyeza jipu. Maumivu yakiisha, naye ametulia. Kumfungia ni jambo jingine, maana huko kunafanya kazi kweli, na hapo ndipo penye hatari. Mtoto wa mbwa huwazoea watu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Asipowaona wakati huo, kila mtu kwake ni jini. Atang'ata kwa hofu, na hofu haina orodha ya wezi. Mwizi huenda asije miaka mitano, na akija anaweza kurusha nyama yenye sumu. Wanaopita mbele ya banda kila siku ni mtoto wako, yaya, fundi wa mabomba na shangazi aliyefika kutoka mashambani. Mtoto kwa kimo chake hung'atwa usoni. Halafu mbwa asiyeshikika hachanjwi, maana hakuna wa kumshika, na kichaa cha mbwa dalili zikishamtokea mtu, ni kifo. Aking'atwa mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Haya, chaguo lenyewe, maana foleni nje ni ndefu. Mnaishi ghorofani na ngazi ni nyingi? Mwacheni Dachshund, diski za mgongo wake huharibika mapema, na siku akiburuta miguu ya nyuma usimkande kwa maji moto, mlete saa hiyo hiyo. Watoto ni wa chini ya miaka mitano na hubebabeba kila kitu? Beagle. Hakuna wa kumtembeza saa nzima kila siku, ua una pengo, na jirani hulala mchana? Basi Beagle hapana: hulia, huchimba, na akishika harufu hakusikii. Wote wawili hunenepa haraka kwa makombo ya ugali, na masikio yao yaliyolala huficha kupe na usaha, kwa hiyo yafunue kila wiki. Chanjo ya kichaa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Unataka ulinzi? Nunua taa na kufuli.

Mchukue akiwa na wiki nane, si nne kama wanavyouzwa barabarani. Na siku ya kumleta kwangu njoo na watoto pia, niwaonyeshe namna ya kumshika.