Sululu Mdogo katika Vinamasi vya Uasin Gishu

Katika jamii ya sululu, ndege wa matopeni wenye midomo mirefu, yupo mmoja aliye mdogo kuliko wenzake na mstadi mno wa kujificha, ambaye wataalamu humwita Lymnocryptes minimus. Maskani yake ya kutagia ni vinamasi vya Skandinavia na Urusi hadi Siberia, ambako dume huruka juu akitoa sauti mithili ya kwato za farasi aendaye mbio kwa mbali. Na baridi inapokaza, wengi hukimbilia Ulaya ya magharibi, Bara Hindi na Afrika ya kaskazini mwa Ikweta. Eldoret, mji wa Uasin Gishu ulio nusu digrii tu kaskazini mwa mstari huo, umo ukingoni kabisa mwa milki yake, na wanaofika Kenya ni wachache mno, aghalabu katika nyanda za juu.

Atakaye kumtafuta na aende pahala kama kinamasi cha Marura karibu na Eldoret, baina ya Novemba na Februari, wala asiangaze macho mbali. Sululu wa kawaida, mgeni mwenzake kutoka kaskazini, ana mdomo wa karibu sentimita 7. Huyu wake ni kama 4 tu, na uzani wake ni gramu 50 hivi. Utosini hana ule mstari mweupe wa katikati, na mgongoni ana michirizi ya rangi ya dhahabu. Akila, huuchezesha mwili mzima juu na chini bila kusita, mdomo ukiwa matopeni, na dalili hiyo kwangu mimi yashinda rangi zote.

Sululu wa kawaida humhisi mtu mapema, akaruka kwa ukelele na kupinda huku na huku. Ama huyu hujilaza majanini hata mguu ukaribie kumkanyaga, ndipo huinuka kimya, akatua tena si mbali. Basi orodha zinazomwandika kuwa nadra zinapima pia uchache wa watu walio radhi kulowa magoti (na tope la Uasin Gishu, kwa baridi ya asubuhi, si la mzaha).

Aliyebahatika kumwinua na aandike urefu wa mdomo, kama alilia au alinyamaza, na umbali aliotua, kisha apeleke habari kwa idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Asimfukuze mara ya pili, kwani mafuta anayoyapoteza kwa kila mruko ndiyo akiba yake ya safari ya kurudi.