Itifaki za Uchukuzi Mtandaoni: Je, UDP Haiaminiki?

Neno itifaki tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mapatano. Katika taaluma ya tarakilishi linataja kanuni ambazo mitambo miwili huzifuata inapowasiliana. Makala haya yanalinganisha itifaki mbili za tabaka la uchukuzi, yaani TCP na UDP, kwa kuwa tafsiri ya sifa zake aghalabu hutupotosha.

TCP, ambayo misingi yake ilielezwa na Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka wa 1974, ina adabu za mgeni wa Mwambao: haiingii bila hodi. Tarakilishi ya kwanza hubisha; ya pili huitikia karibu, nayo ikabisha hodi yake; ya kwanza huitikia, ndipo mazungumzo yaanze. Kila baiti huhesabiwa, mpokeaji hukiri alichopokea, na kilichopotea njiani hutumwa upya. Kipande cha tatu kikipotea, cha nne na cha tano husubiri hata kama vimekwisha kufika. Ndiyo maana tasnifu iliyotumwa kwa baruapepe haimfikii msimamizi ikiwa na sura zilizopinduana.

UDP, iliyoelezwa na Jon Postel mnamo Agosti 1980, haina hodi wala kukiri. Kichwa cha ujumbe wake ni baiti 8 tu, ilhali cha TCP hakipungui 20. Hutuma, ikaenda zake.

Wengi wetu huitafsiri sifa hii kuwa 'isiyoaminika'. Hapa sikubaliani nao. Kwa Mswahili, asiyeaminika ni mwongo au mwizi (na pengine mdeni sugu). UDP haikumdanganya mtu, kwa sababu haikuahidi kufikisha chochote. Afadhali tuseme 'isiyodhamini ufikishaji', japo ni refu.

Si suala la maneno matupu. Anayeidhania UDP kuwa duni hatafahamu kwa nini mazungumzo ya sauti mtandaoni huitumia: silabi iliyopotea ikiletwa baada ya sentensi kwisha, haimfai msikilizaji. Wala hatafahamu kwa nini QUIC, itifaki iliyosanifishwa Mei 2021 na ambayo ndiyo msingi wa toleo la tatu la HTTP, imejengwa juu ya UDP hiyo hiyo. QUIC yenyewe huhakikisha ufikishaji. Udhamini umehamishiwa ghorofa ya juu tu. Tena huugawa mzigo katika mikondo kadhaa, hivi kwamba kipande kikipotea katika mkondo mmoja, mikondo mingine huendelea na safari.