Kuchanjwa Dhidi ya Nini?

Tarehe 8 Septemba 2021 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo Banalia, kando ya mto Aruwimi, kaskazini mwa Kisangani. Walioshukiwa kuugua walikuwa 261, na 129 kati yao walikwisha kufariki. Kinachouma zaidi ni kwamba mkoa huohuo wa Tshopo ulikuwa umechanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo mwaka 2016: watu zaidi ya milioni 1.6, wenye umri wa mwaka 1 hadi 29.

Chanjo ile ilikinga dhidi ya bakteria wa kundi A peke yake. Vipimo vilivyofanywa katika Taasisi ya Pasteur, Paris, vilionyesha bakteria wa Banalia ni wa kundi W.

Kitenzi “kuchanja” kiliahidi makubwa kuliko sindano. Mfaransa husema vacciner, Mreno vacinar, Mhispania vacunar, Mwitalia vaccinare. Vyote vimezaliwa na vacca, yaani ng'ombe kwa Kilatini. Mwaka 1796 daktari Edward Jenner alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, na mtoto akakingika na ndui yenyewe. Hapo kitenzi kilijitosheleza, maana ugonjwa ulikuwa mmoja. Mwaka 1881, London, Louis Pasteur akapendekeza neno la Jenner litumike kwa kinga za maradhi mengine pia, kwa kumuenzi. Tangu hapo ukilisikia peke yake hujui kinga ni ya nini. Kuchanja kwetu ni hivyohivyo: asili yake ni kutia chale, na hata kuni huchanjwa.

Sasa mfikirie mama wa kijijini. Mwanawe ana homa kali, shingo imekakamaa, mwanga unamuumiza macho. Kadi inasema amechanjwa. Huenda akaona ni malaria, akangoja hadi kesho, na ugonjwa huu huweza kuua ndani ya saa 24.

Siwalaumu waliochanja: kundi A ndilo lililokuwa likiua wengi Afrika, na chanjo hiyo imekaribia kulimaliza. Lakini mchanjaji anaposhika mkono wa mtu, amwambie kwa Kiswahili na kwa Kilingala: hii ni ya kundi A, makundi mengine bado. Ni sentensi moja, na kadi ina nafasi ya kuiandika. Mwaka 2024 Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza kuanza chanjo ya makundi matano, W likiwemo. Tshopo nako inahitajika.