Mawimbi ya Mbali, Maji ya Kilindini: Bahari ya San Francisco

Upande wa magharibi wa mji wa San Francisco, nchini Marekani, kuna ufuko mrefu wa mchanga uitwao Ocean Beach. Mgeni afikaye hapo siku ya Januari yenye jua na upepo mwanana huweza kuikuta bahari imetulia. Karibu na njia ya kushukia mchangani huona pia mabango yanayoonya kwamba watu wamekufa maji mahali hapo, waliokuwa wakiogelea na hata waliokuwa wakitembea tu majini. Aghalabu mgeni hulitazama bango, hulitazama jua, akaamua kuliamini jua. Kumbe jua la ufukoni halijui mengi juu ya bahari iliyo mbele yake. Mawimbi ya mchana huo yametoka katika tufani iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapo, na baridi ya maji hayo ina asili yake mbali na ufuko vilevile.

Tuanze na mawimbi. Upepo ndio unaoyafanya, na ukubwa wake hutegemea kasi ya upepo, muda unaovuma, na upana wa bahari unayovumia. Wakati wa baridi, tufani kubwa za Pasifiki ya Kaskazini, karibu na visiwa vya Aleutian, hutimiza masharti yote matatu. Mawimbi yakishatoka katika tufani huendelea na safari pasipo kuhitaji upepo tena. Wanafunzi wa fizikia waweza kuifuata safari hiyo kwa hesabu nyepesi. Katika kilindi, kasi ya kilele cha wimbi kwa mita kwa sekunde ni 1.56 mara muda, yaani sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Lakini kundi zima la mawimbi, pamoja na nishati yake, husafiri kwa nusu ya kasi hiyo. Mawimbi ya sekunde 20 basi huenda kama kilomita 56 kwa saa, na yale ya sekunde 10 huenda kilomita 28. Tufani ikiwa umbali wa kilomita 4,000, ya kwanza yatafika baada ya siku tatu, na ya pili baada ya siku sita. Marefu hutangulia, nayo ndiyo ya hatari zaidi.

Kwamba safari hizo zaweza kuvuka dunia kulithibitishwa mwaka 1963 na Walter Munk na wenzake, walioweka vipimo katika mstari kutoka New Zealand hadi Alaska. Mawimbi yaliyotokana na tufani za bahari ya kusini yalionekana yakipita kituo baada ya kituo, yakavuka Ikweta, na nishati iliyopotea njiani ilikuwa ndogo mno.

Wimbi huanza kuihisi sakafu ya bahari pale kina kinapokuwa nusu ya urefu wake. Wimbi la sekunde 20 lina urefu wa mita 620 hivi kutoka kilele hadi kilele, kwa hiyo huigusa sakafu kwenye kina cha mita 310. Hapo hupunguza mwendo, na likikaribia pwani nishati yake hubanwa na kimo chake hupanda. Huko Mavericks, kiasi cha kilomita 30 kusini mwa mji, mwamba ulio chini ya maji huyapinda mawimbi na kuyakusanya mahali pamoja, hata mengine hupita kimo cha mita 15. Isitoshe, mawimbi huja kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu bahari huweza kutulia kwa dakika nyingi. Utulivu huo ndio unaomdanganya mtu kushuka mwambani kuvua samaki.

Sasa baridi. San Francisco na Athens zipo karibu katika latitudo moja, digrii 38 kaskazini. Bahari ya Athens wakati wa joto hufikia digrii 25 za sentigredi. Ile ya San Francisco kwa kawaida hukaa kati ya digrii 10 na 15 mwaka mzima. Mkondo wa California huleta maji baridi kutoka kaskazini, lakini sababu ya ajabu zaidi ni upepo. Fridtjof Nansen, katika safari ya jahazi la Fram ya miaka ya 1893 hadi 1896, aliona kwamba barafu haikwenda sawasawa na upepo bali ilikengeuka kuelekea kulia. Mwaka 1905 Vagn Walfrid Ekman, msomi wa Sweden, alieleza kwamba mzunguko wa dunia ndio unaoyapotosha maji hivyo, na kwamba tabaka zima la juu huishia kusukumwa pembe mraba na upepo: kulia upande wa kaskazini wa Ikweta, kushoto upande wa kusini. Katika majira ya kuchipua na ya joto, upepo wa California huvuma kuelekea kusini ukiambaa na pwani. Kulia kwake ni baharini. Maji ya juu huondoka, na ya kilindini, baridi na yenye rutuba, hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake hugeuka ukungu, nao ndio ukungu mashuhuri wa mji huo.

Kanuni hiyo hiyo yaonekana katika kusi yetu. Ikivuma kwenye pwani ya Tanzania, kushoto kwake ni nchi kavu, basi maji ya vuguvugu husukumwa kuelekea pwani. Ikishavuka Ikweta, kushoto hugeuka kulia, na pwani ya Somalia hupata maji ya kilindini ambayo huweza kushuka chini ya digrii 20.

Mwili wa binadamu haukuumbwa kwa maji ya digrii 12. Yakimfunika mtu ghafula, huvuta pumzi kwa nguvu pasipo hiari yake. Kichwa kikiwa chini ya wimbi, huvuta maji. Kwa dakika moja hadi tatu hawezi kuitawala pumzi. Baada ya dakika kumi hivi mikono na miguu huanza kukosa nguvu, hata ya mwogeleaji hodari. Mwili wenyewe kupoa hadi hatari huchukua kama nusu saa au zaidi, na wengi hawafiki huko. Wapandao mawimbi kwa ubao huvaa vazi la mpira lililobuniwa mapema katika miaka ya 1950 na Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California. Aligundua kwamba mtu si lazima awe mkavu ili apate joto: viputo vidogo vya gesi vilivyomo ndani ya mpira ndivyo vinavyozuia joto lisitoke, hata kama maji yameingia kati ya vazi na ngozi.