Mita ya Tokeni Ikiharibika Kwenye Ploti, Nani Atoe Pesa?

Huku Kisumu, otonglo ni pesa. Otonglo pia ni mtaa, kwenye barabara ya kwenda Busia, upande ule wa uwanja wa ndege. Kwa hivyo acha tuanzie hapo na swali la pesa ambalo wapangaji wengi hukutana nalo.

Chukulia umepanga chumba kwenye ploti ya milango kumi. Ijumaa jioni unanunua tokeni ya 200, unabonyeza namba zote 20, mita inakataa. Unarudia, inakataa tena. Msimamizi wa ploti anakuja, anaitazama, anasema hiyo imekufa. Utume 3,500 kwa namba fulani, fundi atakuja kesho na mita mpya. Giza linaingia, samaki wako kwenye friji, watoto wana homework. Mkono uko tayari kwenye simu.

Usitume kwanza. Kabla ya pesa kutoka, jua hiyo mita ni ya nani. Mwenye mita ndiye wa kuibadilisha.

Angalia pesa yako huenda wapi

Kwenye nyumba za kupanga kuna mita za aina mbili, na kwa macho zinafanana sana.

Ya kwanza ni ya Kenya Power. Tokeni zake hununuliwa kwa Paybill 888880, na namba ya akaunti ni namba ya mita. Mita hii si yako na si ya landlodi. Ni mali ya Kenya Power, hata kama imefungwa kwa ukuta wa mwenye nyumba. Ikiharibika yenyewe, kampuni ndiyo huibadilisha, na hupaswi kudaiwa bei ya mita. Piga 97771 au *977# uripoti, na uweke ile namba ya malalamiko utakayopewa.

Ya pili ni mita ndogo ya landlodi. Hapa ploti nzima ina mita moja kubwa, halafu mwenye nyumba amenunua mita ndogo za kila mlango ili msigombane kuhusu bili. Tokeni zake hupitia Paybill nyingine, ya kampuni iliyomuuzia mita au ya landlodi mwenyewe. Kenya Power hawawezi kukusaidia hapa kwa sababu mita hiyo hawaijui. Ni kifaa cha nyumba, sawa na mlango au bomba. Ikichakaa, ni jukumu la landlodi, isipokuwa mkataba wako unasema vingine. Usome tena.

Huna uhakika? Fungua ujumbe wa mwisho wa kununua tokeni uone pesa ilienda kwa nani. Ila kama huwa unanunua kupitia duka au programu ya mtu mwingine, ujumbe huo hautoshi. Muulize landlodi moja kwa moja, kwa meseji, ili jibu libaki.

Kuna wakati gharama ni yako kweli. Ukiivunja, ukiimwagia maji au ukimleta mtu akuunganishie stima bila kupitia mita, utalipa. Hilo la mwisho pia ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019.

Huenda hata haijafa

Kama unatumia kile kidude cha kubonyezea tokeni ndani ya nyumba, badilisha betri kwanza. Betri zikiisha, kidude hukaa kimya na watu hudhani mita imeharibika. Ukihama, kiache, maana kimeunganishwa na mita ya nyumba hiyo.

Jambo la pili ni tarehe 24 Novemba 2024. Mita hizi kote duniani hutumia mfumo mmoja uliokuwa ukihesabu muda kwa dakika tangu 1993, na siku hiyo hesabu ilifika mwisho. Mita ambayo haikuwa imesasishwa hukataa tokeni mpya, hata kama ni nzima. Kwa mita za Kenya Power, mteja alitumiwa mafungu matatu ya namba 20. Mawili ya kwanza ni ya kusasisha mita, la tatu ni tokeni yenyewe. Huduma hiyo haikuwa na malipo. Mita ndogo za landlodi nazo zilihitaji namba kama hizo, kutoka kwa kampuni inayoziuzia tokeni. Kwa hivyo chumba kikikaa bila mtu muda mrefu, halafu wewe uhamie na mita ikatae, uliza kuhusu kusasisha kabla ya kukubali kwamba inahitajika mpya.

Ukiamua kulipa ili upate stima leo

Tunaelewa. Haki iko, lakini giza pia liko. Kama landlodi yuko mbali na mmekubaliana ulipe kwanza, fanya hivi:

1. Andikianeni kabla ya kutuma. Meseji fupi inatosha: "Natuma 3,500 ya mita ya chumba namba 6. Itakatwa kwa kodi ya mwezi ujao. Naomba uthibitishe." Subiri jibu. Usikate kodi kivyako, hapo ndipo ugomvi huanza.

2. Tuma kwa namba ya landlodi mwenyewe au ya kampuni ya mita. Fundi usiyemjua usimpe keshi. Jina likitokea tofauti na ulilotarajia, simama.

3. Piga picha mita ya zamani kabla haijatolewa, ionekane namba yake na yuniti zilizobaki. Uliza zitarudishwaje.

4. Badilisha namba ya mita uliyohifadhi kwenye simu. Tokeni hutengenezwa kwa mita moja tu, na ukinunua kwa namba ya zamani haitaingia kwenye mpya.

5. Usifute ujumbe wa malipo. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na ujumbe huo ni ushahidi wako.

Leo kabla hujalala, tafuta ujumbe wako wa mwisho wa tokeni uone ulilipa nani. Ni afadhali ujue sasa kuliko Ijumaa usiku ukiwa umeshika tochi.